Aproni ya Fundi

Wakati picha iliyomfanya malaika inapigwa, Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, buti kazivua, anakunywa maji ya chumvi na sukari. Hilo tuliseme mapema, maana magazeti yalikuja kusema kinyume chake. Na tuseme pia kwamba yeye mwenyewe hakulificha hata siku moja. Alilisema kwa kila aliyemuuliza, na kwa wengi ambao hawakumuuliza, na hakupatikana aliyelitaka.

Fundi si jina aliloandikiwa alipozaliwa. Ni jina la wodini, alilopewa na wenzake kwa sababu ya mishipa. Mtoto aliyekaukiwa maji mpaka mishipa yote imejificha, ambaye manesi wengine wamemchomachoma hadi mama yake analia kuliko yeye, huletwa kwake. Fundi huushika ule mkono mdogo, huupapasa kwa kidole kimoja huku anatazama pembeni kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, kisha sindano inaingia na dripu inaanza kudondoka. Hajisifu wala hasemi kitu. Mama yake mzazi alifariki yeye hajaanza kutambaa, akalelewa na shangazi, mwanamke wa haki lakini asiye na mchezo, katika nyumba ambayo kudeka hakukuwa na nafasi. Uuguzi aliuingia kwa sababu chuo kilikuwa karibu. Waandishi wa habari wanalipenda sana neno wito. Ukimuuliza Fundi habari za wito atakuambia alikuwa anatafuta kazi yenye viatu vya kufunga.

Maneno yote aliachiwa Kidosho. Huyu alikuwa nesi mwenzake wa zamu, mfupi, mwembamba, mdomo haupoi, mdogo kwa Fundi kwa miaka mingi, naye akimwita dada na kumtania kama wifi. Metroni alimkataza kupaka kucha rangi kazini, naye akatii, hakupaka. Lakini kichupa cha rangi nyekundu hakikumtoka mfukoni. Alisema anakitunza kwa ajili ya siku atakayofukuzwa kazi, ili aondoke amependeza.

Homa ilipoingia, hospitali ilisimamisha mahema uwanja wa nyuma, ikayazungushia wavu wa rangi ya chungwa. Ndani ya wavu huingii hivihivi. Unavaa ovaroli nyeupe, glavu juu ya glavu, barakoa, miwani mikubwa, kofia, buti, na juu ya yote hayo aproni nzito ya plastiki. Ukishavaa, hata mumeo akipita hakujui. Kwa hiyo kila mmoja alijiandika jina kifuani kwa kalamu ya wino mzito, wenzake wajue wanamwita nani, na mgonjwa ajue anaongea na binadamu. Ovaroli zilichomwa moto kila zikivuliwa. Aproni hazikuchomwa, maana zilikuwa chache. Zilioshwa kwa klorini na kuanikwa kwenye kamba. Klorini ile ikawa inakula wino, na kila asubuhi watu wazima wenye vyeti vyao wakaanza kazi kwa kuandikana vifuani kama watoto wa chekechea.

“Dada, hebu nipe hiyo aproni yako,” Kidosho alisema asubuhi moja, amechoka kuona Fundi anahangaika na kalamu iliyokauka. Akatoa kichupa chake, akaandika FUNDI kwa rangi ya kucha, herufi kubwa nyekundu, na ile ya mwisho akaivutia mkia wa madoido. Akapuliza ikauke. “Sasa klorini na ije, tuone kama ina meno.”

Haikuwa na meno. Majina ya wengine yalifutika na kuandikwa, yakafutika tena, la Fundi likabaki linang'aa.

Usiku wa kuamkia siku ya picha mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope tupu. Mzee mmoja alitakiwa kuhamishwa kutoka hema la wanaosubiri vipimo kwenda hema la wagonjwa, na kitoroli kikazama magurudumu katikati ya njia. Zamu ilikuwa ya Kidosho. Aproni yake ilikuwa imechanika, akachukua ya Fundi, iliyokuwa imeshaoshwa kwenye kamba.

“Dada, naazima ufundi wako!” alimpigia kelele Fundi, aliyekuwa ametoka ndani kupumzika, na Fundi akamwinulia kikombe.

Kidosho akamsogelea mzee, akageuka, akainama, akampakia mgongoni. Akavuka naye tope lile taratibu, mguu huu, mguu ule, kainamia upande kidogo. Nje ya wavu, upande wa barabarani, alisimama mpigapicha wa gazeti mwenye lenzi ndefu kama bomba. Fundi aliyaona yote hayo akiwa palepale juu ya ndoo. Aliona pia jinsi aproni inavyogusa visigino vya Kidosho, maana ilikuwa imekatwa kwa mtu mrefu, na Fundi ni mrefu.

Mzee yule alifariki jioni. Kesho yake gazeti likaandika kwamba ameokolewa.

FUNDI WA UHAI, ndivyo kilivyosema kichwa cha habari, na chini yake picha ukurasa mzima: tope, mvua ya rasharasha, mzee kafumba macho, na kifuani mwa yule aliyembeba herufi tano nyekundu ambazo hata kipofu angezisoma. Mwandishi naye hakutaka kupitwa na mpigapicha. Aliongeza chumvi mpaka ikazidi. Akamwekea Fundi mdomoni maneno ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyasema akiwa na njaa: “Maisha yangu si kitu, ili mradi wao wapone.” Ndani ya siku moja picha ilikuwa kwenye simu za watu wote, imezungushiwa maua, imetiwa mabawa, imewekewa muziki wa kinanda.

Kabla ya hapo, mama mwenye nyumba alikuwa amemwomba Fundi awe anaingilia mlango wa nyuma na nguo zake asizianike kwenye kamba ya wote. Alimwomba kwa upole, amesimama mbali, anaongea huku kajiziba pua kwa upindo wa khanga. Baada ya picha, mama yuleyule alimletea kiti uani na kumwita shujaa wetu, na akataka wapige picha pamoja. Fundi akakikalia kile kiti. Hakuona uchungu siku ile ya mlango wa nyuma, wala hakuona raha siku ya kiti. Alikuwa amekufa ganzi. Ilianza mikononi, nadhani, ndani ya zile glavu mbilimbili, ikapanda. Chai aliinywa kwa sababu imewekwa mbele yake. Mumewe, dereva wa lori anayejua kuchekesha, alisimulia visa vyake vya barabarani, na Fundi alicheka akikumbuka kwamba hapo ndipo pa kucheka.

Kisha Kidosho akaugua. Alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kulala kwao, ruhusa halali, vipimo safi. Homa ilimpanda akiwa nyumbani. Alijifungia chumbani, akapiga simu mwenyewe kuita gari la hospitali, na mama yake alipokuja mlangoni kubisha akamfokea kama hajawahi kumfokea, asiguse hata kitasa. Hakuambukiza mtu, si mama yake, si jirani, si paka wa jirani. Aliletwa kwenye hema lilelile alilokuwa akifanyia kazi. Fundi ndiye aliyemwekea dripu. Mshipa aliupata mara ya kwanza, kama kawaida yake, na haukusaidia kitu. Kidosho alizikwa na watu wa ovaroli nyeupe, mama yake akitazama kutoka ng'ambo ya barabara, na sanduku lilikuwa limefungwa.

Gazeti nalo halikulala. MUUGUZI MZEMBE AINGIZA HOMA MTAANI. Ukurasa wa tatu. Jina hawakuandika, wana heshima zao. Waliandika mtaa, wakaandika kwamba alikuwa msichana mpenda anasa aliyetoroka zamu, wakaandika kwamba ni binti wa mshonaji mmoja wa nguo za shule, mjane. Ukitaka kutaja jina zaidi ya hapo itabidi uchore ramani. Ukurasa wa kwanza wa gazeti hilohilo ulikuwa na tangazo la kuchangia glavu, na kwenye tangazo picha ya tope. Mtu ni mmoja. Mbele anaitwa malaika, ukifungua ndani anaitwa mzembe, na aliyeandika kote kuwili ni mwandishi mmoja. Mimi nikilifikiria hili hadi leo damu inanichemka. Fundi damu haikumchemka. Alilikunja gazeti, akaliweka mezani, akampigia mwandishi simu.

“Dada yangu, jina liko kifuani,” mwandishi alisema.

“Aproni ni yangu. Aliyevaa ni mwenzangu. Ni huyohuyo mliyemwandika ukurasa wa tatu.”

“Pole sana kwa msiba. Naelewa, mshtuko huleta mambo mengi.”

“Itazame picha. Aproni inamfika kwenye visigino. Mimi inaniishia hapa chini ya magoti.”

“Hayo ni mambo ya lenzi, dada. Lenzi hufupisha watu. Ila unyenyekevu wako umenigusa, nitauandika.” Na akauandika kweli.

Watu wa televisheni walikuja na taa zao. Fundi akasema yote mbele ya kamera, ya rangi ya kucha, ya tope, ya ndoo. Jioni wakaonyesha sehemu moja tu, pale aliposema “mimi nilikuwa nafanya kazi kama wengine,” kisha kinanda. Akaenda kwa Metroni. Metroni alikuwa mama wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na aliujua ukweli wote kwa sababu ndiye aliyesaini ruhusa ya Kidosho.

“Fundi mwanangu,” alisema, “ile picha imetuletea glavu. Nikitoka hapa nikasema siyo wewe, wataanza kuuliza na mengine, na maboksi yatakoma kuja. Homa ikiisha utasema utakavyo, na mimi nitasimama nyuma yako.”

Hapo huwezi kumlaumu. Glavu ni glavu. Fundi akarudi ndani ya wavu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki ambacho bado alikitaka, na alishangaa kukikuta bado kipo, maana vingine vyote vilikuwa vimezimika: mama yake Kidosho arudishiwe mtoto wake. Watu wa mtaa ule wafungue gazeti au wawashe redio, waambiwe kwamba yule wanayemtemea mate na yule wanayemshangilia ni mtu mmoja. Basi. Hakutaka hata wamwombe radhi.

Homa ikaisha, kama zinavyoisha, bila kuaga. Mahema yakakunjwa. Redio moja kubwa ikamwalika Fundi kwenye kipindi cha asubuhi, kile ambacho kila duka hukifungulia sauti mpaka mwisho.

“Kinarushwa moja kwa moja?” Fundi aliuliza.

“Moja kwa moja, dada, hewani!” mtangazaji alimwambia kwenye simu.

“Hamkati?”

“Tutakata nini? Ukishasema, umesema.”

Mumewe alikuwa anamsikiliza. Aliujua ukweli, alikuwa ameambiwa siku ya kwanza, lakini ile picha aliiweka kwenye simu yake na hakuitoa.

“Mama watoto, kwani kuna ubaya gani?” alisema. “Angekuwa siyo yeye, ungembeba wewe.”

“Sikumbeba.”

“Ungembeba.”

“Sikumbeba mimi,” Fundi alisema.

Siku moja kabla ya kipindi alikwenda kwa mama yake Kidosho. Alikuwa hajakwenda tangu mazishi. Alijiambia ni kwa sababu ya zamu, lakini zamu zilikuwa zimekwisha. Aliogopa kusimama mbele ya yule mama akiwa na sifa za mwanawe mwilini kama nguo ya kuazima. Sasa alikuwa na cha kumpelekea.

Ilikuwa nyumba ndogo yenye baraza, na barazani cherehani iliyofunikwa shuka. Ndani, kwenye kochi, kulikuwa na rundo la vitambaa vya sare za shule, vimekunjwa vizuri, kila kimoja na kipande cha karatasi chenye vipimo. Vilikuwa vya wateja. Walivileta kabla ya homa, na hakuna aliyevifuata. Walikuwa tayari kununua vitambaa vingine kuliko kugusa vile.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Wewe ndiye Fundi.” Mama yule alikuwa mfupi kama bintiye. “Alikuwa anakusema sana. Alisema una kimya cha kutisha wezi.”

Fundi akakaa. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, akaanza moja kwa moja: kwamba kesho saa ya kipindi cha asubuhi mama afungue redio, kwamba atasema hewani ya nani ile picha, kwamba safari hii hawawezi kumkata. Aliongea maneno mengi kuliko aliyowahi kuongea kwa mwezi. Alipomaliza alisubiri. Alikuwa amefikiri mama atalia, na alikuwa amejiandaa kumshika mkono.

“Najua ni yeye,” mama alisema.

“Nani alikuambia?”

“Nani aniambie? Mtoto wangu simjui?” Akainuka, akajiinamisha palepale sebuleni, akaweka mikono ubavuni kama aliyeshika mapaja ya mtu mgongoni. “Tazama. Anafunga vidole hivi, na vidole gumba anaviacha nje. Mimi ndiye niliyemfundisha kubeba. Bibi yake alipopooza miguu tulikuwa tunampokezana, na huyu alikuwa mdogo, ananiambia mama, bibi atachomoka. Nikamwambia ukifunga vidole na gumba ukaziacha nje, hachomoki. Siku picha ilipotoka niliona gumba tu. Jina kifuani hata sikulisoma.”

Fundi akaitazama ile mikono. Mara ngapi ameitazama ile picha, na hakuwahi kuona vidole gumba.

“Basi kesho wote watajua,” alisema.

Mama alichukua khanga, akajitanda. “Nisindikize dukani, mwanangu. Nina sabuni ya kununua.”

Duka lilikuwa kwenye kona. Mama hakulikaribia. Alisimama hatua mbili kutoka dirishani, palipowekwa tofali, na alisimama pale bila kuambiwa, kama mtu anayejua nafasi yake kwenye foleni. Mbele ya tofali kulikuwa na kopo la maji ya sabuni. Ndani ya kopo hilo alitakiwa kutumbukiza sarafu zake. Homa ilikuwa imeshakwisha, wataalamu wameshatangaza, lakini kopo lilikuwa palepale.

Na ukutani, pembeni ya dirisha la duka, mahali ambapo jua halifiki, ilikuwa imebandikwa ile picha. Ukurasa mzima, umefunikwa kwa nailoni inayoonyesha, kingo zimeshikizwa kwa gundi ya karatasi, umenyooshwa bila kunjo hata moja.

Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti, akachungulia. Fundi alikuwa amevaa gauni na kilemba kama mwanamke mwingine yeyote, na uso wake kwenye televisheni ulipita mara moja tu, umeungua kwa mwanga wa taa, kwa hiyo hakutambuliwa.

“Mgeni wako ajihadhari,” mwenye duka alisema, akisukuma kipande cha sabuni hadi kwenye tofali kwa mpini wa ufagio. Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. “Anajua lakini ya huko kwenu?” Kisha akamwona Fundi anaangalia ukuta, uso ukamchangamka. “Huyo ndiye nesi, dada yangu! Nesi wa kweli! Siyo hawa wetu wa kutuletea balaa. Mimi kila nikifungua duka, kabla sijagusa kitu, huyo namfuta vumbi kwanza.” Na kwa kuwa alikuwa na kitambaa mkononi, akatoka, akamfuta vumbi palepale, polepole, kuanzia miwani hadi buti.

Walirudi mpaka barazani.

“Umemwona?” mama aliuliza.

“Nimemwona.”

“Hakuja kwenye matanga. Hakuna aliyekuja. Lakini kila siku anamfuta vumbi.” Mama akaketi kwenye kiti cha cherehani. “Mimi sina picha nyingine ya mwisho. Nilizo nazo ni za zamani, za mahafali na za kuchekacheka. Sanduku hawakunifungulia. Ile ndiyo mara ya mwisho ninamwona akiwa mzima, anafanya kazi. Naenda pale nimwone. Nanunua sabuni nisiyoihitaji, ndani nina sabuni mpaka nimekosa pa kuziweka.”

“Mama, wakijua ni yeye, watakuja kukuangukia miguuni.”

“Hawaji, mwanangu. Nawajua, nimeishi nao. Watasema hospitali inajikosha. Watasema umelipwa. Yule ataibandua picha kabla ya saa sita mchana, ataichoma, na ukuta atauosha kwa dawa.” Aliushika mkono wa Fundi, na Fundi akagundua kwamba katika kuja kwake kote huko, yeye ndiye aliyeshikwa. “Heshima yao siitaki tena. Nataka wasimbandue.”

Fundi alitaka kubisha. Alikuwa na maneno, alikuwa ameyapanga kwa miezi: haki, ukweli, jina la marehemu. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa katika baraza lile. Alichokisikia wakati ule kilikuwa hasira, hasira safi, na ilimshtua, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajasikia kitu. Hakumkasirikia mama. Aliona kwamba atabaki ndani ya aproni ile maisha yake yote, na hakuna atakayekuja kumsaidia kuivua. Kisha hasira ikatulia, na ganzi ikarudi mahali pake.

“Sawa, mama,” alisema.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa masponji ukutani, baridi, bila dirisha ila kioo kimoja kikubwa cha kutazamana na chumba cha pili. Mtangazaji alikuwa kijana mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alimvalisha Fundi vidude vya masikioni, akamsifu kilemba chake, akahesabu kwa vidole, taa nyekundu ikawaka.

Alianza na sifa. Fundi wa Uhai, malaika wa tope, mama wa taifa. Fundi aliziitikia moja baada ya nyingine kwa “ahsante.” Akaulizwa kama homa inatisha, akasema inatisha. Akaulizwa kama alilia, akasema hapana, na mtangazaji akacheka, akasema mashujaa wana aibu.

“Sasa dada,” mtangazaji alisema, sauti akaishusha kama anayefunua siri, “kuna minong'ono. Kuna watu wanasema wewe mwenyewe huwa unaikana ile picha. Wengine tunasema ni unyenyekevu. Leo uko hewani, mamilioni wanakusikiliza, hakuna wa kukukata. Yule aliyembeba mzee ni wewe au siyo wewe?”

Mumewe alikuwa anatazama kutoka upande wa pili wa kioo. Fundi alilifikiria lile duka la kona, redio iko juu, mwenye duka na kitambaa chake, na yule mama mfupi kasimama kwenye tofali, sabuni nyingine mkononi.

“Ni mimi,” alisema.

“Ni yeye!” mtangazaji alipiga meza. “Mmesikia wenyewe! Sasa tuambie, ulipokuwa kwenye tope lile na mzee mgongoni, ulikuwa unawaza nini?”

“Nilikuwa nawaza asichomoke,” Fundi alisema. “Nilifunga vidole hivi, gumba nikaziacha nje. Mtu ukimbeba hivyo hachomoki. Nilifundishwa nikiwa mdogo, bibi alikuwa hawezi kutembea, tukawa tunampokezana. Ni mama aliyenifundisha.”

Nyuma ya kioo mumewe aligeuza kichwa. Alijua, kama ndugu wote walivyojua, kwamba Fundi hakuwahi kufundishwa kitu na mama yake, hata kutembea.

“Jamani, malezi!” mtangazaji alisema. “Na mama yupo? Anatusikiliza?”

“Yupo. Anasikiliza.”

“Basi msalimie, dada. Msalimie mama, nchi nzima isikie.”

Fundi akasogea karibu na maikrofoni mpaka mdomo ukakaribia kuigusa.

“Shikamoo, mama,” alisema. “Nipo salama. Usiwe na wasiwasi, nipo palepale.”

Mtangazaji akaacha kimya kidogo, kile kimya wanachokipenda watu wa redio, kisha akaweka matangazo ya sabuni.